Vyumba Viwili na Ukuta Wenye Meno

Ukipita Gatongora, hapa Ruiru, utaona mageti. Mageti ya maana, chuma kizito, rangi nyeusi, na vichwa vya simba vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Ndani yake kuna nyasi. Kuna ukuta uliozunguka ploti nzima, mbuzi wa jirani aliyepata njia ya kuingia, na rundo la kokoto lililoota majani. Mwenyewe alianza na geti kwa sababu geti ndilo linaloonekana barabarani, na lilipokwisha, nguvu nazo zikaisha. Mimi ni mkandarasi, nimejenga Ruiru na Thika miaka mingi, na bado kila nikipita mbele ya geti kama hilo hasira hunipanda. Nilizaliwa nayo, naweza kusema.

Baba yangu alitoka magharibi mwa nchi akiwa kijana, akaja Thika kufanya kazi kiwandani. Tuliishi chumba cha kupanga, lakini alikuwa na ploti Gatongora, na kwenye ploti hiyo alisimamisha nguzo. Alitaka ghorofa. Wenzake walianza na chumba kimoja cha mawe wakahamia, wakaongeza kingine walipoweza, na baba akawacheka. Alisema hawezi kujenga mara mbili. Msingi wake ulichimbwa wa ghorofa, nguzo zikawa za ghorofa, slebu, ile sakafu nzito ya zege, ikamwagwa juu yake, na vyuma vikaachwa vimechomoza kungoja nguzo za juu. Kisha kazi ikasimama. Hakuna kisa kikubwa cha kusimulia. Kiwanda kilipunguza watu, sisi watoto tukaingia sekondari, na kuta hazikuinuliwa kamwe.

Jumamosi tulikuwa tunaenda "nyumbani" kufagia. Tulifagia nyumba isiyo na kuta. Mama alianika mahindi juu ya slebu na kuku wakaatamia chini ya ngazi. Mimi nilijua chumba changu ni kipi, kati ya nguzo ya pembeni na ile iliyofuata, na niliweka jiwe mahali pa mlango. Kuna siku nilimchapa ndugu yangu kwa kupita ukutani. Alilia, na mama alipouliza kisa, akamwambia aombe msamaha na apitie mlangoni siku nyingine.

Baba alipostaafu, yeye na mama walirudi magharibi na ploti ikauzwa. Aliyenunua akaleta watu wa kubomoa, nami nikaenda kutazama, sijui kwa nini. Nguzo zilikataa. Vijana walipiga nyundo mpaka wakavua mashati, na msimamizi wao akaniuliza ni nani aliyemwaga zege namna ile. Nikamwambia ni baba yangu, na nikajikuta nina majivuno, kisha nikaona aibu ya majivuno yenyewe. Ilikuwa nyumba imara sana na hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake hata usiku mmoja.

Nilipoanza kushika kazi zangu mwenyewe, nilikuwa na masharti ambayo wakandarasi wenzangu waliyaona ya kizee. Sifungui mjengo wa pili kabla wa kwanza haujapata paa. Watu hupenda kuwalaumu wenye nyumba tu, lakini majengo mengi yanafia mikononi mwetu sisi. Tunapokea kazi Ruiru, tunapokea nyingine Thika, tunahamisha mafundi huku na huko, na mwishowe mteja anabaki na mlinzi na rundo la mchanga. Sharti lingine, nataka kuwaona wote wenye neno juu ya shamba wakiwa wameketi pamoja. Ndugu mmoja anayetokea kutoka huko aliko akisema hakuulizwa anasimamisha kazi upesi kuliko mvua. Na kabla ya kamba ya kwanza ya kupimia msingi kufungwa, namuuliza mteja swali ambalo hakuna anayelipenda. Kazi hii ikisimama, siku yoyote ile, ni nani atalala wapi?

Kuna waliosimama na kuondoka kwa swali hilo. Mmoja aliniambia nina mdomo wa mkosi. Sawa, nikamwambia, mdomo ni wangu, lakini nyumba ni yako.

Mteja ambaye nataka kumzungumzia hakuondoka, ila alikunja uso. Alikuwa mtu wa mtaa wa Membley, mwenye kazi nzuri ya ofisi, shati safi, maneno ya upole. Alitaka kumjengea mama yake nyumba Gatuanyaga, kwenye shamba la familia. Kule ni kukavu, vumbi linakufuata mpaka kitandani, na mama mtu alikuwa anaishi katika nyumba ya mbao na mabati, na jiko la kuni la mawe matatu mle mle ndani. Ndugu zake wote walikuwa wamekubali, hati ilikuwa safi. Ramani aliyoniletea ilikuwa ya ghorofa yenye vyumba saba.

"Kazi ikisimama," nikamwuliza, "mama atalala wapi?"

"Haitasimama, madam."

"Najua. Lakini ikisimama?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nikamweleza ninavyofanya. Nyumba inachorwa yote, lakini inajengwa kwa mapande, na kila pande linafungwa kabisa kabla ya lingine kuanza: paa lake, mlango wake, choo chake. Tungeanzia upande wa mashariki, chumba cha kulala na jikoni, mama aingie, kisha tuendelee kuelekea sebuleni na juu.

"Umewahi kuona nyumba ikianzia jikoni?" akasema. "Watu watauliza kama najengea mami ama najengea kuku."

Hatukuelewana siku hiyo. Tukaafikiana twende Gatuanyaga tukafunge kamba na kumwaga chokaa ya ramani yote, ili mama aione. Hilo nalo ni sharti langu. Atakayelala ndani lazima atembee ndani ya mistari kabla jembe halijagusa udongo.

Mama yake, shosho kama tunavyowaita bibi huku kwetu, alitukuta tukiwa katikati ya kazi. Alikuwa mwembamba, mwenye magoti mabaya, na kikohozi kidogo kilichofunga kila sentensi yake. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Wewe ndio fundi?"

"Ndiyo, shosho."

"Wanaume wa kujenga waliisha Thika?"

"Waliisha, shosho. Wazuri waliisha."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kuanzia hapo akawa ananiita mama fundi, na mimi nikampenda palepale, sitaficha.

Mwanawe akamshika mkono akamtembeza. Hapa ni sebule, hapa ni korido, hapa watoto watalala Krismasi. Mbuzi walikuwa wamekanyaga chokaa ya korido na shosho akaruka mistari kwa uangalifu, akipitia pale tulipoacha nafasi za milango. Alipomaliza kuzunguka akauliza yeye analala wapi.

"Juu, mami. Upande wenye balcony."

"Juu wapi?"

Mwanawe akaonyesha. Sote tukatazama. Kulikuwa na anga, na mwewe mmoja.

"Na hii magoti inapanda na nini?" akauliza shosho. Hakuuliza kwa hasira. Akarudi taratibu mpaka kwenye mraba wa mashariki, karibu na mti wa mparachichi ambao kuku wake walilala juu yake, akaketi chini katikati ya mistari. "Mimi nalala hapa," akasema.

Mteja wangu aliingiza mikono mfukoni. Niliangalia upande mwingine nisije nikaonekana nafurahi. Ndivyo nyumba ile ilivyoanzia jikoni.

Tulijenga vizuri. Mawe ya kuchonga, msingi wa kubeba ghorofa kwa upande ule, jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje, choo cha ndani kwa ajili ya magoti. Ukuta ambao nyumba ingeendelea kutokea tuliuacha na meno, yaani jiwe moja limechomoza, linalofuata limerudi ndani, hivyo hivyo mpaka juu, ili ukuta wa pande la pili uje kuumana nao. Kwenye ukuta huohuo kulikuwa na nafasi ya mlango wa kwenda korido. Korido haikuwepo, kwa hivyo niliiziba nafasi ile kwa mawe yaliyoshikwa na simiti dhaifu, ya kubomoka kwa nyundo chache siku ya kuendelea. Tukapiga plasta, tukapaka rangi, tukaweka vitasa. Nikamkabidhi mteja funguo zote, kama nilivyozoea kumkabidhi kila mteja, kwa sababu ndiye aliyenipa kazi.

Akafunga mlango, akatia funguo mfukoni.

"Mama haingii?" nikamwuliza.

"Tutafungua yote ikiisha. Mchungaji aombe, tuweke hema, watu wakule. Mami lazima aingie na heshima yake."

Ni desturi yetu, siwezi kuibeza. Nyumba mpya inafunguliwa kwa maombi na sufuria kubwa, jirani anakuja na leso au vikombe, na anayeingia anaingia mbele za watu. Shosho mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Nami nilikuwa na haraka ya kurudi Ruiru, kwa maana paa lilikuwa limepanda na sasa sharti langu liliniruhusu kufungua mjengo mwingine. Tukapatana kuanza pande la pili baada ya mvua.

Kabla mvua haijaisha, ofisi ya mteja wangu ikafungwa. Alinipigia simu, sauti yake ikiwa imenyooka mno, akasema tusimame kidogo. Hiyo "kidogo" naijua. Nikamwambia pole, nikamwambia asihangaike, pande la kwanza limefungwa na halitaharibika. Na kusema kweli nilijisikia vizuri. Ile ilikuwa mara ya kwanza masharti yangu kujaribiwa kweli. Nikawa nawaambia wenzangu kule Ruiru, tukinywa chai ya mjengo, kwamba nina kazi Gatuanyaga iliyosimama bila kufa, na kuna shosho analala ndani yake, maana nilichukulia kwamba sherehe ikiahirishwa mwanawe angemfungulia tu. Nilitia chumvi kidogo, nikamweka shosho kwenye blanketi jipya.

Mvua ilipokatika nilienda kuangalia kama maji yameingia kwenye yale meno ya ukuta. Nilifika asubuhi, jua likiwa limeshika. Shosho alikuwa anafagia baraza ya nyumba mpya. Alifagia vizuri, mpaka pembeni, akafuta kizingiti kwa kitambaa. Kisha akaegemeza ufagio kwenye ukuta wenye meno, akavuka uwanja, akaingia katika nyumba yake ya mabati. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kila tundu la nyumba ile.

Nilimfuata. Ndani sikuona kitu kwanza, nilisikia kikohozi tu. Kilikuwa kimekua. Hakikufunga sentensi tena, kilikata maneno katikati.

"Shosho, huingii kwa nyumba?"

"Imefungwa."

"Tangu lini?"

"Si tangu wewe umalize. Kijana alisema mpaka sherehe." Akapuliza moto, akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Ni nyumba nzuri, mama fundi. Mimi naifagia kila siku."

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira iliyonifanya miguu kuwa miepesi, nikatembea mpaka ukingo wa shamba nikarudi. Nilimkumbuka mama na ufagio wake juu ya slebu. Nilikuwa nimejenga nyumba yenye paa na mlango na choo, nikauliza swali langu lote la nani atalala wapi, na bado kulikuwa na mwanamke mzee anayefagia nyumba asiyoingia. Nikapiga simu Membley.

"Madam, habari," akasema.

"Si nzuri. Niko kwa mama yako."

"Ni mgonjwa?"

"Anavuta moshi. Na nyumba yake iko hapa mbele yangu imefungwa."

"Haijafungwa, inangoja. Madam, nimekuwa nikiambia watu najengea mami ghorofa. Kanisani, kazini, kila mahali. Sasa nimwingize kwa mkia wa nyumba, na mimi mwenyewe sina kazi? Watasema nini?"

Alisema hivyo polepole, na hasira yangu ikapungua kidogo. Nilimsikia baba yangu ndani ya maneno hayo, yule asiyeweza kujenga mara mbili.

"Watasema," nikamjibu. "Hata sasa wanasema. Lakini kazi utapata nyingine. Hiyo kifua ya mama haiwezi kungoja mpaka upate."

"Nitakuja Jumapili tuongee."

"Jumapili kuja. Lakini mimi nataka kufungua leo, na sitaki kufungua kama mwizi. Nataka uniambie wewe."

Nilisikia funguo zikigongana upande wake.

"Fungua," akasema. "Lakini ufunguo niko nao huku."

"Kaa nao," nikamwambia.

Nikachukua nyundo na tindo kwenye gari, nikaenda kwenye ukuta wenye meno. Shosho alileta mtungi wa plastiki akaugeuza, akaketi kutazama. Simiti dhaifu ilitii. Jiwe la kwanza lilitoka shingo upande, yaliyofuata yakatoka kwa mkono, na baada ya muda nafasi ya mlango wa korido ikawa wazi, imetazama majani ya maharagwe. Nilimpigia seremala wangu wa Thika, akaja kwa bodaboda, mlango umefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Akaupachika, akaweka komeo kwa ndani. Nikaingia, nikaangalia pia ule mlango wa mbele: ulikuwa na komeo lake la ndani tangu mwanzo, juu ya kitasa, zito, nililochagua mwenyewe.

Nilitoa kiberiti ili nijaribu lile jiko lenye bomba. Shosho akanizuia.

"Moto ya nyumba mpya hutoka kwa nyumba ya zamani," akasema. "Hiyo yako ni ya kuwasha sigara."

Akaingia kwenye mabati, akatoka na makaa katika sufuria kuukuu, ameshika kwa kitambaa. Nilitaka kumpokea, akanikwepa. Na badala ya kukata uwanja moja kwa moja akaelekea shambani, mbali kidogo, nikashangaa anaenda wapi. Kisha nikaelewa. Chokaa ilikuwa imeoshwa na mvua zamani, maharagwe yalikuwa yameota juu yake, lakini alikuwa anaijua ramani. Alipinda pale palipokuwa na mlango mkubwa.

"Sitting room," akaniambia bila kugeuka.

Akapita katikati ya maharagwe, akapinda tena. "Korido." Alitembea ndani ya korido ile mpaka mwisho wake, moshi mwembamba ukimfuata, akaingia kwa mlango. Mimi nilipita njia yake yote nyuma yake. Sikuthubutu kukanyaga ukuta.

Siku hizi nina sharti moja zaidi, na wateja hulipokea vibaya kuliko lile swali. Funguo za kila pande linalokwisha nampa atakayelala ndani, siku ileile, hata kama si yeye aliyenipa kazi. Sherehe inaweza kufanywa baadaye, hema haliozi. Nyumba ambayo mtu amekwisha lala ndani yake haiachwi, hata ikibaki nusu kwa miaka mingi, kwa sababu kuna mtu anayeona kila asubuhi kinachokosekana na atasema.

Jumapili ile nilirudi kupiga plasta kando ya mlango mpya. Mteja wangu alikuja mchana, peke yake, kwa miguu kutoka barabarani, viatu vyeupe kwa vumbi. Hakuniona, nilikuwa upande wa maharagwe. Alisimama barazani akiangalia moshi unaotoka kwenye bomba juu ya paa. Akatoa ufunguo, akautia kwenye kitasa, akauzungusha. Kitasa kilifunguka, nilisikia. Mlango haukufunguka, kwa sababu komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akausukuma mara moja kwa bega, kidogo tu. Akabaki ameshika ufunguo, anauangalia.

Akaurudisha mfukoni. Akabisha hodi.

"Ni nani?" ikauliza sauti ya shosho kutoka ndani, na nikagundua alikuwa ameuliza bila kukohoa.

"Ni mimi, mami."

"Ngoja," akasema. "Bado navaa viatu."

Akangoja.